Dhahabu pekee haileti kiwanda

Segese ina jirani tajiri. Mgodi wa Bulyanhulu hutoa dhahabu na shaba, metali zilizomo ndani ya redio na simu. Machi 2017 Serikali ilizuia makinikia kwenda nje. Kiwanda cha vipuri vya elektroniki hakikufuata.

Penang, Malaysia, ilianza 1972 na eneo huru la Bayan Lepas. Kilichoivuta Intel si madini, bali msamaha wa kodi, uwanja wa ndege karibu na wafanyakazi. Baadaye karakana ndogo za wenyeji zikawachongea wageni vifaa, ikawa vigumu kwao kuhama.

Kwa maoni yetu, mwenye mtaji mdogo Segese asinunue kiwanja akisubiri kiwanda. Aanze na karakana ya kusuka mota, na awe na akiba: wateja wakubwa hawalipi taslimu.