MALI KAULI! Supamaketi kubwa ziliingia mitini, kiduka cha Mvumi kinadunda

Na Mwandishi Wetu

HEBU jiulize, msomaji. Kuna supamaketi yenye kiyoyozi, vitoroli vya kusukuma na wahudumu wenye sare. Halafu kuna kiduka cha bati kule Mvumi, chenye mzani mmoja na daftari la madeni. Lipi litawahi kufunga milango?

Usijibu haraka, bwana.

Nakumatt, jina lililoanzia Nakuru, Kenya, ilifikisha maduka zaidi ya 60 katika nchi nne. Hapa kwetu ilianzia Moshi mwaka 2011, na mwaka 2014 ikanunua maduka ya Shoprite ya Afrika Kusini. Wengine walikuwa wanaingia kupoza macho tu na kutoka mikono mitupu! Kufikia 2017 rafu zilikuwa nyeupe. Januari 2020 wadai wakapiga kura kampuni ifilisiwe, na madeni yalizidi shilingi bilioni 30 za Kenya. Uchumi nayo, iliyoanzishwa mwaka 1975, ilifunga maduka yake ya Tanzania na Uganda Oktoba 2015.

Kulikoni?

PESA YA NANI HIYO?

Siri iko kwenye maneno mawili ambayo kila mfanyabiashara wa Kariakoo anayajua: mali kauli. Unachukua mzigo leo, unalipa baadaye, dhamana ni neno lako. Supamaketi kubwa huishi hivyo hivyo, ila zenyewe zina mikataba. Mwenye maziwa, mwenye mkate na mwenye mayai wanashusha mzigo, kisha wanaambiwa warudi baada ya siku 30, au hata 60. Wewe mteja unalipa pale pale kaunta. Kumbe mwenye duka analala na fedha ambayo si yake!

Faida ya bidhaa moja moja ni kiduchu, hasa kwenye sukari na unga. Ushindi uko kwenye mzunguko: mzigo uingie, utoke, uingie mwingine. Ndiyo maana mkate na maziwa mara nyingi huwekwa kule nyuma kabisa, ili upite kwanza kwenye biskuti na mafuta ya nywele. Na pipi zinakusubiri kaunta, mtoto akulilie mbele za watu.

Mzigo ukitoka haraka, mambo poa. Balaa linaanza bosi anapoona mshiko umejaa, akasahau kwamba una wenyewe, akafungua tawi jipya. Tawi likidorora, msambazaji halipwi. Asipolipwa haleti mzigo. Rafu zikiwa tupu mteja haji, na mteja asipokuja hakuna cha kumlipia msambazaji. Kampuni ikishaingia kwenye mduara huo, kutoka ni kazi. Kiwanda kikubwa kinaweza kuugulia maumivu na kuendelea. Mfugaji wa kuku mia mbili je?

SASA TWENDE MVUMI

Mvumi iko kama kilomita 40 kutoka Dodoma mjini, wilayani Chamwino, nchi ya Wagogo. Pana hospitali ya misheni na shule, kwa hiyo wapo wauguzi na walimu wanaopokea mwisho wa mwezi. Wengine wengi mshahara wao ni mvua, nayo hunyesha msimu mmoja tu, Desemba hadi Aprili au hapo karibu. Wanalima mtama, uwele, karanga na alizeti.

Mwenye duka anafuata mzigo kwa wauzaji wa jumla Dodoma mjini: sukari, chumvi, mafuta, sabuni za mche. Muuzaji wa jumla anavunja lori kuwa mifuko na katoni. Wa Mvumi anavunja mfuko kuwa robo. Mfuko wa kilo 50 una robo 200, na kila robo mzani ukizidi kidogo tu, faida imemwagika chini. Hapo nauli ya mzigo hujaitoa.

Sasa angalia mambo yanavyogeuka. Supamaketi inakopa mzigo na kuuza taslimu. Kiduka cha kijijini mara nyingi kinanunua taslimu, halafu wateja wanakopa mpaka mavuno! Mvua ikigoma, mwenye duka anabaki na daftari lake. Supamaketi inabebwa na wasambazaji wake, lakini kiduka kinabeba kijiji. Kinachokiokoa ni kwamba mwenyewe anamjua kila mdaiwa kwa jina, anajua shamba lake liko wapi na limeota vipi. Hafungui tawi kwa pesa ya mwenzake.

MUULIZE MAMA YAKO

Hata Serikali iliwahi kujaribu biashara hii. Baada ya Azimio la Arusha la 1967 iliushika uuzaji wa jumla, na miaka ya 70 kila mkoa ukawa na kampuni yake ya biashara, RTC. Mwaka 1976 ikaja Operesheni Maduka: maduka ya watu binafsi vijijini yafungwe, ya ujamaa yachukue nafasi. Halikudumu zoezi hilo. Mwanzoni mwa miaka ya 80 sukari na sabuni zilikuwa za foleni, mpaka masharti ya kuagiza bidhaa yalipolegezwa mwaka 1984. Kufunga duka ni kazi ya siku moja, lakini kumpata mtu anayejua kijiji kinahitaji nini na nani hulipa, hiyo ni shughuli.

KAZI KWENU

Tangu Serikali ianze kuhamia Dodoma mwaka 2016, mji umefumuka. Vijana wanasindika karanga, wanafungasha unga wa lishe, wanahangaikia nafasi kwenye rafu za mjini. Safi sana! Lakini kabla hujashusha katoni, uliza: nitalipwa lini? Kikiharibika, hasara ya nani? Majibu yaandikwe, yasainiwe. Na usipeleke mzigo wote kwa mnunuzi mmoja, hata kama milango yake inajifungua yenyewe.

Mali kauli si dezo, washikaji. Dawa ya deni ni kulipa, na anayekudai leo ndiye atakayekujazia rafu kesho.