Jani la Mwambani Lisilo na Mizizi

Apandaye Mlima Kenya, akiisha kupita misitu na kutokea penye majabali na baridi kali, huweza kuona juu ya mawe vitu kama vipande vya ngozi kavu, vya kijivu au vyeusi. Mtu hudhani ni uchafu wa jiwe. Sivyo; vina uhai. Ni likeni, na namna hii huitwa Umbilicaria, jina litokanalo na neno la Kilatini lenye maana ya kitovu, kwa kuwa jani zima limeshika mwamba mahali pamoja tu, katikati. Mizizi halina.

Tena si mmea mmoja. Mwaka 1867 Simon Schwendener, mtaalamu wa Uswisi, alieleza kwamba likeni ni viumbe viwili vikaavyo pamoja: kuvu, na mwani mdogo usioonekana kwa macho. Wataalamu wengine walimpinga vikali, walakini neno lake lilithibitika. Kuvu hujenga nyumba; mwani hutengeneza chakula kwa nuru ya jua, kama yafanyavyo majani ya mahindi, na kuvu hupata riziki humo. Jua likiwaka, jani hukauka hata likavunjika kwa kidole. Mvua ikinyesha hulainika na kuanza kazi tena. Hukua polepole mno, hata jani la upana wa kiganja laweza kuwa na umri wa miaka mingi.

Je, huliwa? Wajapani hula namna moja, iitwayo iwatake, na wachumaji huteremka magenge kwa kamba kuitafuta. Lakini habari ya kutisha zaidi yatoka kaskazini ya Kanada. Mwaka 1821 John Franklin, afisa wa manowari za Kiingereza, alikuwa akirudi kwa miguu kutoka pwani ya bahari ya barafu pamoja na watu wake, nao wakaishiwa na chakula. Walikwangua likeni miambani, wakaichemsha, wakala pamoja na ngozi za viatu. Iliwapa nguvu kidogo, ila ina uchungu, na tumbo la kila mtu haliichukui: Robert Hood, mmoja wa maafisa, alishikwa na maumivu makali kila alipoila, akazidi kudhoofika kuliko wenziwe. Katika watu 20 walikufa 11. Waliosalia waliokolewa Novemba na wenyeji wa nchi ile, watu wa jumbe Akaitcho, waliowaletea nyama.