Kiuagugu, Ukoka na Mvua ya Masika

Wakati wa masika magugu husitawi upesi katika ukoka wa uani, na wengi hushika bomba la kupulizia mara tu mvua inapokatika. Tunashauri usome lebo kwanza.

Viuagugu vinavyopenya kupitia majani, kama 2,4-D inayoua magugu ya majani mapana na kuacha nyasi, huhitaji muda kabla ya mvua kunyesha. Kwa baadhi ya bidhaa ni saa 1. Kwa nyingine ni saa 6 au zaidi. Mvua ikiwahi, dawa huoshwa: fedha zako zimepotea, magugu yamebaki, na sumu huenda ikatiririka hadi kisima cha jirani. Usirudie kupulizia siku hiyohiyo, kwani dozi mbili zaweza kuunguza ukoka wenyewe. Subiri siku kadhaa uone kama magugu yanajipinda. (Glifoseti ni jambo jingine: huua ukoka pia.)

Viuagugu vya kuzuia mbegu kuota, kama pendimethalini, huenda kinyume. Hivi huhitaji maji kiasi baada ya kupuliziwa ili viingie katika tabaka la juu la udongo. Manyunyu huvifaa; mvua kubwa huvisomba.

Dawa iliyomiminwa katika chupa ya maji ya kunywa haina lebo, na muuzaji akikutajia saa anakisia tu. Usiinunue, hata ikiwa ni ya bei nafuu.