Ni Mafuta Gani Unayoyatia Sufuriani?

Bwana mkulima wa Makueni, nawe bibi wa Kitui, huenda mmeyaona haya siku ya soko. Mtu huleta gunia lake la alizeti, likapimwa, akalipwa. Kisha kabla ya kurudi nyumbani hupita dukani kununua mafuta ya kupima, au yale magumu meupe ya mkebe. Mara nyingi mafuta hayo ni ya mawese, nayo yametoka mbali, Malaysia au Indonesia. Basi ameuza mafuta mazuri ili anunue mafuta hafifu, na nauli ya meli amelipa yeye.

Watu wengi hudhani kwamba mafuta yote ni mamoja, na kwamba ubaya wake ni kunenepesha tu. Ni kweli kwamba gramu 1 ya mafuta yoyote hutia mwilini kalori 9, ambapo gramu 1 ya wanga au sukari hutia 4. Lakini ndani ya mafuta mna aina mbalimbali. Kuna aina nzito, ndiyo inayoyafanya mafuta yagande yakipoa. Katika gramu 100 za samli, aina hiyo ni gramu 60 hivi; katika mawese ni gramu 50 hivi; katika alizeti ni kama 10 tu. Sehemu kubwa ya mafuta ya alizeti ya kawaida ni aina nyepesi ambayo mwili wahitaji wala hauwezi kujitengenezea.

Je, jambo hili lina maana gani kwa afya? Mwaka 2014 wataalamu wa Uppsala, nchini Uswidi, walitangaza jaribio ambalo mfugaji ataelewa upesi, maana ni kama kunenepesha mafahali wawili kwa malisho mbalimbali. Walichukua vijana 39 wasio wanene, wakawalisha vikeki kila siku kwa wiki 7, zaidi ya chakula chao cha kawaida. Vikeki vya kundi moja vilitiwa mafuta ya mawese, na vya kundi la pili mafuta ya alizeti. Makundi yote mawili yaliongezeka uzito sawasawa, kama kilo 1.6 kwa kila mtu. Mizani isingeonyesha tofauti yoyote. Lakini walipopigwa picha za ndani ya mwili, wale wa mawese walionekana kuwa na mafuta mengi zaidi katika ini na kuzunguka matumbo, na wale wa alizeti walikuwa wameongeza nyama ya mwili zaidi.

Ini lililojaa mafuta halisikii amri. Insulini, itokayo katika kongosho, huliamuru ini liache kumwaga sukari katika damu. Ini lenye mafuta huendelea kumwaga. Kongosho hutoa insulini zaidi na zaidi, hata siku moja huchoka, na hapo ndipo ugonjwa wa sukari huingia. Mafuta mazito huongeza pia lehemu mbaya katika damu, nayo huziba mishipa ya moyo. Serikali ilipopima watu wazima wa Kenya mwaka 2015, katika kila 100, watu 27 walikuwa wamezidi uzito, na 24 hivi walikuwa na shinikizo la damu. Mwenye shamba anajua gharama yake: mbuzi huuzwa mmoja mmoja kwa ajili ya dawa.

Wazee waliohamia Makueni katika miaka ya 1940, vichaka vya mbung'o vilipofyekwa, walikula muthokoi, mbaazi na kunde, na samli walikuwa nayo. Lakini mtu aliyechimba matuta mchana kutwa aliiteketeza kazini. Sisi tunakula chapati asubuhi, kisha tunapanda bodaboda.

Hatusemi uitupe samli. Kijiko kimoja katika mboga si kosa. Shirika la Afya Duniani lashauri mafuta mazito yasizidi sehemu 10 katika 100 za kalori za siku. Kwa mtu alaye kalori 2,000, hiyo ni gramu 22, pamoja na yaliyomo katika nyama na maziwa. Mafuta yaliyogandishwa kiwandani kwa haidrojeni yaweza kuwa mabaya kuliko hata samli, basi soma maandishi ya mkebe. Mafuta ya kukaangia maandazi yakishakuwa meusi, usiyarudishe jikoni. Wala alizeti nayo si ya kumimina bila kipimo; vikeki vyake pia viliongeza uzito. Nayo haina ile aina nyingine nyepesi ipatikanayo katika samaki, kwa hiyo omena wafaa sana.

Basi mvua za Oktoba zikikaribia, tenga kipande cha shamba kwa alizeti ya nyumbani. Chagua mbegu nyeusi zenye ganda jembamba, maana zile za ganda nene hutoa mafuta machache na kuishinda mashine ya mkono. Kikundi cha majirani chaweza kununua mashine moja. Acha mafuta yatulie, yachuje, kisha yaweke katika chombo kilichofunikwa, mahali pa giza, kwa kuwa mwanga huyachachusha. Mashudu wape ng'ombe wa maziwa. Na ndege uwalinde mapema, kabla vichwa havijainama.