Bibi asiyezaa: mzigo ni wa wawili, anabeba mmoja



Kwetu Ubundu, ndoa ikipita mwaka bila mimba, watu wanaanza kuuliza. Hawaulizi bwana. Wanauliza bibi. Tueleweshane kidogo.

Shirika la Afya Duniani (OMS) linasema ni ugumba wakati bibi na bwana wanatafuta mtoto miezi 12 na mimba haiingii. Mwaka 2023 lilitangaza kwamba karibu mtu 1 kati ya 6 anapitia shida hii katika maisha yake. Kwa hiyo si laana ya familia moja.

Na hapa Kongo si jambo la jana. Uchunguzi wa hesabu ya watu wa 1955 mpaka 1957, ambao Anatole Romaniuk aliuandikia kitabu, ulionyesha sehemu nyingi za kaskazini na katikati ya inchi zenye wanawake wengi wasio na mtoto. Sababu kubwa iliyotajwa haikuwa ulozi: ni magonjwa ya zinaa, kama kisonono, yanayoziba mirija ya uzazi.

Angalieni vizuri. Klamidia inaweza kukaa mwilini bila dalili. Bwana anaweza kuileta nyumbani, mirija ya bibi inaziba, halafu ni bibi anayefukuzwa! Tena mara nyingi shida iko kwa mbegu za bwana mwenyewe.

Nyumbani inakuwa vita. Mama mukwe anakumbusha mahari, bwana anatafuta "biro ya pili", hata kama Kodi ya Familia ya 1987 inatambua bibi mmoja tu. Na kwetu mwanamke anaitwa kwa jina la mtoto wake: Mama Fulani. Asiyezaa anabaki bila jina hilo. Nimeona dada zetu wanaacha kwenda kuona mtoto mchanga wa jirani, hawalali, hawakuli, wanajilaumu. Huo ni ugonjwa wa moyo na akili, si kiburi.

Tufanye nini? Bibi na bwana waende kwa munganga pamoja, siku moja. Kufika Kisangani ni kilomita 125 za reli, na si rahisi. Basi pesa ya safari isiishie kumpima bibi peke yake. Kisonono na klamidia zinatibika kwa dawa, lakini mirija ikisha kuziba ni shida ingine. Kwa hiyo tusichelewe.

Kijana mwanaume uliyesoma: uwe wa kwanza kupimwa. Na mama yako akianza kumsema bibi yako, ujibu wewe.