Nyumba Mjini Wote: Riba, Bei na Mishahara ya Wakubwa

 

Wengi wenu mwaijua barabara kuu ya Mombasa na Nairobi: Mtito Andei, Kibwezi, Makindu, Emali. Wachache ndio wanaoiacha barabara hiyo Makindu na kuingia ndani kupitia Kathonzweni hadi Wote, makao makuu ya Kaunti ya Makueni. Huko ndiko tunakoandikia makala haya. Hapana bahari wala bandari, lakini jambo linalozikosesha usingizi familia za Wote ndilo lile lile linalozikosesha usingizi familia za Kisauni na Likoni, nalo ni nyumba. Itajengwa kwa pesa zipi, na gharama yake hasa italipwa na nani?

Riba ya mikopo, bei ya nyumba na mishahara ya wakubwa hutajwa redioni kana kwamba ni habari tatu mbalimbali. Katika daftari la baba na mama wanaojenga, ni habari moja. Mkubwa anayelipwa vizuri hupandisha bei ya ploti. Bei ikipanda, mwenye kipato kidogo hulazimika kukopa. Na akikopa, riba anayoilipa huwa sehemu ya faida ambayo juu yake wakubwa wengine hulipwa bakshishi zao. Tuifuate duara hiyo hatua kwa hatua.

Ploti baada ya ugatuzi

Katiba ya mwaka 2010 ilileta serikali za kaunti, nazo zikaanza kazi baada ya uchaguzi wa 2013. Wote, uliokuwa mji mdogo wa soko na ofisi chache, ukawa makao ya gavana, bunge la kaunti, mawaziri wa kaunti, maafisa na wakandarasi. Hilo lilikuwa na heri yake: huduma zilisogea karibu na wananchi. Lakini ardhi ya mjini haikuongezeka hata hatua moja. Watu wakiwa wengi na ploti zikiwa zile zile, bei hufuata mfuko wa mnunuzi mwenye uwezo zaidi, na wengine huusikiliza mnada wakiwa mbali.

Na mifuko haikulingana. Katika mpango uliotangazwa mwaka 2017, Tume ya Mishahara na Marupurupu ilimwekea gavana shilingi 924,000 kwa mwezi, na mbunge shilingi 621,250. Kima cha chini cha mshahara wa kibarua katika miji mikubwa kama Nairobi na Mombasa, hata kilipopandishwa mwaka 2022, kilikuwa shilingi 15,201.65; katika miji midogo kilikuwa chini ya hapo. Basi kibarua wa Mombasa angefanya kazi zaidi ya miaka mitano, bila kula wala kuvaa, ndipo afikie mshahara wa gavana wa mwezi mmoja. Mwaka 2024, vijana walipokuwa barabarani, serikali ilisimamisha nyongeza iliyokuwa imepangiwa maafisa wakuu. Hatumtuhumu mtu yeyote, kwani mshahara huo uliwekwa kwa sheria. Tunasema tu kwamba pengo likiwa kubwa namna hiyo, halibaki katika karatasi za mishahara, bali hushuka hadi kwenye soko la ardhi.

Ujenzi nao una gharama zake. Mchanga wa mito mikavu ya Makueni ulikuwa ukichukuliwa kwa malori mchana na usiku, hadi kaunti ilipotunga sheria ya kuuhifadhi mwaka 2015. Sheria hiyo ina hekima, kwa sababu mchanga ndio unaoyahifadhi maji chini ya mto wakati wa kiangazi. Lakini kinachohifadhiwa hakiwi cha bure tena, na mwenye kujenga lazima akitie katika hesabu yake.

Riba ilivyopanda na kushuka

Mwezi Agosti 2016, Rais Uhuru Kenyatta alitia saini sheria iliyoweka kikomo cha riba. Benki hazikuruhusiwa kutoza zaidi ya pointi nne juu ya riba ya msingi ya Benki Kuu. Riba hiyo ilipokuwa asilimia 10, mkopo haukuweza kuzidi asilimia 14. Watu walishangilia. Lakini benki ziliona heri kuikopesha serikali, isiyofilisika, kuliko kumkopesha muuza maembe wa Wote. Mikopo kwa sekta binafsi, iliyokuwa ikikua kwa zaidi ya asilimia 15 kwa mwaka katika 2015, ikawa inakua kwa chini ya asilimia 3 mwaka 2017. Mnyonge aliwekewa riba nafuu katika mkopo asioupata. Novemba 2019 kikomo hicho kiliondolewa.

Kisha riba ikapanda. Februari 2024 Benki Kuu iliifikisha riba ya msingi asilimia 13 ili kuzuia mfumuko wa bei na kuilinda shilingi. Kuanzia Agosti mwaka huo ikaanza kuishusha, na kufikia Juni 2025 ilikuwa asilimia 9.75. Je, wakopaji walipata nafuu kwa kasi hiyo hiyo? La. Mwishoni mwa 2024, wakati riba ya msingi ilikuwa imeshashuka hadi asilimia 11.25, wastani wa riba za benki ulikuwa bado unazidi asilimia 16. Riba ikipanda hupanda kwa lifti; ikishuka hushuka kwa ngazi, tena kwa mkongojo.

Tofauti baina ya riba anayolipwa mwenye akiba na riba anayotozwa mkopaji ndiyo chemchemi kubwa ya faida ya benki. Na mkurugenzi mkuu wa benki, juu ya mshahara wake, mara nyingi hupewa bakshishi au hisa kwa kutazama faida hiyo. Sheria ya Makampuni ya mwaka 2015 huyataka makampuni yaliyo katika soko la hisa kutangaza malipo ya wakurugenzi wao. Msomaji mwenye hata hisa chache ana haki ya kuisoma ripoti hiyo na kuuliza katika mkutano wa mwaka: malipo haya yanatokana na kazi njema, au na mgongo wa mkopaji?

Hesabu ya nyumba moja

Tuchukue mkopo wa shilingi milioni 3 kwa miaka 15. Kwa riba ya asilimia 14, mkopaji hulipa takribani shilingi 39,950 kila mwezi, na mwisho wake atakuwa ametoa takribani milioni 7.2. Kwa asilimia 9, hulipa takribani shilingi 30,430 kwa mwezi, na jumla ni karibu milioni 5.5. Pointi tano za riba zimekula shilingi milioni 1.7 na zaidi, yaani zaidi ya nusu ya nyumba nyingine.

Ili kuzishusha riba hizo, serikali na washirika wake waliunda Kampuni ya Kenya ya Kufadhili Mikopo ya Nyumba, KMRC, iliyopata leseni mwaka 2020. Huzipa benki na sacco fedha za muda mrefu ili zikopeshe kwa riba isiyofika asilimia 10. Ni jambo la kushukuriwa, ila mlango bado ni mwembamba: mwaka 2023 Kenya nzima ilikuwa na mikopo ya nyumba takribani 30,000, katika nchi iliyohesabiwa watu milioni 47 mwaka 2019.

Basi watu wa Wote hujenga vipi? Hujenga kidogo kidogo: msingi mwaka huu, kuta mwaka ujao, mabati Mungu akijaalia. Mwalimu au muuguzi hukopa kwenye sacco na kukatwa mshahara. Mwenye duka huchukua mkopo wa simu. Mkopo wa M-Shwari, ulioanza mwaka 2012, ulitozwa asilimia 7.5 kwa siku 30. Uliitwa ada, haukuitwa riba. Lakini atakayeurudia kila mwezi kwa mwaka mzima atakuwa amelipa asilimia 90. Jina halibadilishi uzito wa mzigo.

Wala asidhani asiyekopa kwamba amesalimika. Mwenye duka la saruji na mabati hununua shehena yake kwa mkopo, na mwenye nyumba za kupangisha alijenga kwa mkopo. Riba yao imo ndani ya bei ya mfuko wa saruji na ndani ya kodi ya kila mwezi. Moto wa riba huwashwa na wachache, lakini moshi wake huingia kila nyumba.

Familia ifanye nini?

Sisi Waislamu twajua hukumu ya riba, nayo si mpya. Lakini kujua hukumu bila kujua hesabu hakutoshi. Tunawausia wasomaji mambo manne.

Kwanza, uliza riba inahesabiwa juu ya nini. Mkopo wa shilingi 100,000 kwa mwaka mmoja, riba ikiwa asilimia 12 juu ya mkopo wote wa mwanzo, humtoa mtu shilingi 12,000. Kiwango hicho hicho kikihesabiwa juu ya deni linalobaki, humtoa takribani 6,620 tu. Tangazo la ukutani laweza kuonyesha nambari moja kwa mikopo yote miwili.

Pili, mke na mume wakae pamoja. Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 haikubali nyumba ya ndoa iwekwe rehani bila ridhaa ya mwenzi. Ridhaa hiyo isiwe saini ya haraka mezani pa wakili. Iwe baada ya mashauriano. Na Sheria ya Ajira ya 2007 inataka makato yasizidi theluthi mbili za mshahara. Hicho ni kikomo cha sheria, si kipimo cha busara. Familia inayoishi kwa theluthi moja hukopa tena ili kula, na wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga.

Tatu, tazameni njia ya ushirika. Tangu mwaka 2008, Gulf African Bank na wengine waliofuata wamekuwa wakitoa huduma kwa misingi ya sharia. Katika ushirika unaopungua, benki na familia hununua nyumba pamoja, na familia huinunua sehemu ya benki polepole huku ikilipa kodi ya sehemu iliyobaki. Lakini msidanganyike na jina la Kiarabu pekee. Ulizeni jumla mtakayolipa, na ulizeni faini ya kuchelewa huenda wapi. Pia ndugu wa ukoo mmoja, au majirani wa msikiti mmoja, waweza kununua ardhi kwa pamoja na kuigawa kwa hati, kila mmoja kwa zamu yake ya kujenga.

Nne, tuwahurumie walioshindwa. Sheria humpa mwenye deni la rehani muda usiopungua miezi mitatu baada ya notisi, kisha siku 40 kabla ya kuuzwa. Qur'ani, katika Suratul Baqara aya ya 280, humwagiza mdai ampe mdaiwa mwenye dhiki muhula mpaka apate wasaa, na kumsamehe ni bora zaidi. Katika mitaa yetu, nyumba ya jirani inaponadiwa, wapo wanaokimbilia bei ya kutupa. Aliyenunua kwa halali hana kosa. Lakini jirani aliyejua mapema, akaitisha mchango au akaenda na mdaiwa kuzungumza na mkopeshaji, amefanya lililo bora, maana watoto wa nyumba ile wamelala kwao.

Na kwa ndugu zetu waliopewa mishahara mikubwa, Wote na Mombasa, katika ofisi za umma na katika benki, tunasema kwa heshima: kabla ya kununua ploti ya tano, mkumbukeni kijana anayetafuta ya kwanza. Mwenyezi Mungu atujaalie makazi ya halali na vifua visivyo na deni. Wabillahi tawfiq.