Pumzi ya Watu

Mtu akikuuliza ni nani aliyekufundisha adabu na namna ya kufikiri, yamkini utamtaja mama yako, kisha mwalimu wako wa darasa la kwanza, na kama ulilelewa katika shule za misheni kama mimi, utamtaja na mchungaji. Ni wachache mno watakaowakumbuka wenzao waliochunga nao ng'ombe, waliolala nao bweni moja, au wanaofanya nao kazi zamu moja. Hali hao ndio waliotufinyanga usiku na mchana, wala hawakutuomba ruhusa.

Wanyakyusa wa Rungwe waliyajua hayo tangu kale, na kwa kuyajua wakayafanya kuwa kawaida ya nchi. Ukitoka Iyunga ukalipita jiji lote la Mbeya hadi Uyole, kisha ukashika barabara ya kusini iendayo Tukuyu na Kyela, unaingia katika nchi ambayo vijiji vyake havikujengwa kwa ukoo bali kwa rika. Mtoto wa kiume alipofika umri wa miaka kama 10 hivi, alitoka katika nyumba ya baba yake akaenda kujenga kibanda pamoja na wenzake, pembeni mwa kijiji cha baba zao. Walikuwa hawajaweza kujilisha bado, kwa hiyo walikwenda kwa makundi, leo wakala kwa mama wa huyu, kesho kwa mama wa yule. Walipokua walioa pale pale, wakalima mashamba yao pale pale, na wakazeeka pamoja. Bibi Monica Wilson na mumewe Godfrey waliishi katika nchi hiyo katika miaka ya 1930 wakaichunguza, na mwaka 1951 bibi huyo akatoa kitabu juu ya vijiji hivyo vya marika.

Yafaa tujiulize, kwa nini wazee wale waliwatoa watoto wao nyumbani mapema namna hiyo? Moja ya sababu zao ilikuwa ni haya: si vyema kijana mkubwa alale karibu na wazazi wake na kusikia mambo ya usiku. Lakini palikuwa na jambo jingine walilolithamini mno, nalo waliliita ukwangala, yaani kukaa pamoja na wenzako kwa furaha, kula pamoja, kunywa pamoja na kuzungumza. Waliamini kwamba akili haipatikani kwa baba peke yake. Hupatikana katika mazungumzo ya watu walio sawa, ambapo kila mtu anaweza kumbishia mwenzake bila kuvunja heshima. Aliyekaa peke yake walimwona kuwa ni mtu ambaye hajafunzwa.

Vijiji hivyo vimekwisha. Ardhi ilikuwa haba, kahawa na chai zikamfunga mkulima kwenye shamba lake, nao vijana wakaenda kutafuta mishahara katika dhahabu ya Lupa huko Chunya na katika migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia. Lakini lile lililokuwa ndani ya vijiji halikufa, bali lilihama. Reli ya TAZARA ilipojengwa baina ya mwaka 1970 na 1975, kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, kilometa 1,860, maelfu ya vijana wetu waliishi kambini pamoja na mafundi wa Kichina. Aghalabu wazee wa reli, ukiwauliza walichojifunza, hawaanzi na mashine. Husema kwamba walimwona mtaalamu akishika sepetu yeye mwenyewe. Hapo zamani walikuwa wamezoea kumwona bwana mkubwa akisimama kivulini na kunyosha kidole. Hakuna hotuba ambayo ingeliweza kuwafunza jambo hilo upesi kama walivyofunzwa na macho yao.

Basi, ushirika hufunza. Lakini pia huhukumu, na hapo ndipo pana hatari. Wanyakyusa walisema kwamba jirani wakimnung'unikia mtu usiku ndani ya nyumba zao, mathalani kwa kuwa ni mchoyo wa chakula au amemtukana baba yake, pumzi ya watu hao humwangukia kama baridi, naye hushikwa na homa. Tiba yake ilikuwa ni kukiri kosa, kuwalisha majirani na kupatana nao. Hata chifu hakuwa nje ya hukumu hiyo. Mtu aliyesoma anaweza kucheka. Mimi sicheki, kwa maana nimewaona watu ofisini wakikosa usingizi na hamu ya chakula kwa sababu tu wenzao wamenyamaza walipoingia.

Lakini wazee wale wale walikiri jambo zito zaidi. Walisema kwamba nguvu inayowawezesha watetezi wa kijiji kumwadhibu mkosaji ndiyo ile ile anayoitumia mchawi kumdhuru asiye na kosa. Nguvu ni moja, tofauti ni haki.

Mwaka huo huo wa 1951, mtaalamu wa elimu ya nafsi huko Marekani, Solomon Asch, alitangaza majaribio ambayo yafaa yajulikane na kila mfanyakazi anayekaa katika mkutano. Aliwaonyesha wanafunzi mistari, akawauliza upi unalingana na upi. Jibu lilikuwa wazi. Mtu akijibu peke yake ni nadra akosee. Lakini katika kila kundi wote isipokuwa mmoja walikuwa wameagizwa kwa siri watoe jibu la uongo kwa sauti moja. Yule asiyejua hila aliyakana macho yake katika karibu theluthi moja ya majibu. Ajabu ni hii: alipowekwa mwenzi mmoja tu wa kusema kweli, makosa hayo yalishuka hadi robo yake.

Nami niliyaona hayo Iyunga nilipokuwa kijana wa miaka kama 20, kabla sijasikia jina la Asch. Iyunga ni mahali pa mchanganyiko, Wasafwa wenye nchi, Wanyakyusa, Wandali, Wanyiha, Wakinga. Barabara kuu ya kwenda Tunduma inapita hapo na reli haiko mbali. Jioni moja sauti ilipigwa, "Mwizi!" Sikumwona akiiba. Sikujua ameiba nini. Nilikimbia kwa kuwa wote walikimbia, na nilipofika mkononi mwangu mlikuwa na jiwe, wala hadi leo sikumbuki nililiokota wapi. Kijana yule alikuwa chini, shati limechanika, hasemi tena. Magazeti huwaita watu kama sisi "wananchi wenye hasira kali". Mimi sikuwa na hasira yoyote.

Ndipo akajipenyeza mzee mmoja aliyepata kufanya kazi ya reli, akasimama juu ya yule kijana, miguu huku na huku, akauliza bila kupaza sauti, "Jamani, aliyeibiwa ni nani?" Tukatazamana. Akauliza mara ya pili. Mwanamke mmoja aliyekuwa na kapu la ndizi kichwani akasema, "Mzee anauliza, jibuni basi." Hakuna aliyejibu. Nyuma yangu nikasikia mawe yakianguka, moja moja. Langu nililishusha polepole kando ya mguu, nikiangalia pembeni ili jirani yangu asinione. Naye nikamwona akifanya vile vile.